Ajali ya Mchikichini Ina Kinga

Mtu akianguka kutoka mchikichini huku Burundi, pwani ya Ziwa Tanganyika, hukumu hutoka kabla majeruhi hajafikishwa hospitali. Wazee waliokaa chini ya mwembe watasema, "Ajali haina kinga." Vijana watanong'onezana kwamba jana yake alionekana kilabuni. Mwenye shamba atatoa pole, ataongeza nauli ya hospitali, na wiki ijayo atatafuta mkwezi mwingine, kwa kuwa chikichi zikiiva hazingoji matanga. Kauli hizi zinatoka katika vinywa mbalimbali lakini zinafanya kazi moja: zinaiachia huru kamba, na pamoja na kamba zinamwachia huru kila aliyepaswa kuikagua.

Nasema hukumu hiyo ni ya uongo. Ajali ya mchikichini ina kinga, tena kinga yenyewe inajulikana, na mkwezi anapoanguka mara nyingi ameanguka kwa sababu uhai wake ulitundikwa kwenye kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitazama. Nitawajibu wazee kwanza, kisha vijana, kisha kundi la tatu ambalo siku hizi linajiona la kisasa, linalosema kwamba dawa ni kununua vyuma vinavyong'aa.

Kwa asiyeyajua mazingira yetu, ukitoka Bujumbura ukaifuata barabara ya ziwani kwenda kusini, utatembea zaidi ya kilomita 70 kabla ya kuingia mji wa Rumonge. Upande mmoja una maji, upande mwingine una milima, na katikati uwanda wa Imbo umejaa michikichi, ile ambayo kwa Kirundi huitwa ibigazi. Inaendelea hivyo hadi Nyanza-Lac. Mawese yanayopikiwa maharage Gitega na sabuni inayofulia nguo Bujumbura, sehemu kubwa inaanzia hapa. Mchikichi nao haukai kimo kimoja. Shina huongezeka kati ya sentimita 30 na 60 kwa mwaka, na mti wa miaka 25 au 30 unaweza kupita mita 10 kwa urahisi. Juu kabisa, katikati ya makuti yenye miiba, ndipo mkungu ulipo, na mkungu uliokomaa unaweza kuzidi kilo 20.

Mkwezi hujifunga kamba inayozunguka shina na mgongo wake, huegemea nyuma, hukanyaga gome, husukuma kamba juu, hupanda hatua nyingine. Akifika kileleni huchomoa panga, hupunguza makuti, hukata mkungu. Yaani anafanya kazi ya kukata akiwa amening'inia kwenye kitu kinachokatika. Sentensi hiyo inatosha kueleza hatari yote, na bado tunasema ajali haina kinga.

Basi tuwajibu wazee, kwa heshima lakini bila kupepesa macho. Mtu wa kilo 70 aliyeegemea kamba hailemei hata kidogo. Kamba ya nailoni ya unene wa milimita 12, ikiwa mpya, huhimili zaidi ya tani 2. Inakuwaje basi ikatike chini ya mtu mmoja? Haikatiki kwa uzito wake. Inakatika kwa mambo iliyopitia. Vikonyo vya makuti yaliyokatwa zamani hubaki kwenye shina kama meno ya msumeno, na kila hatua kamba husuguliwa juu yake. Jua la Imbo huikausha nailoni na kuifanya ngumu. Fundo lenyewe, hata lililofungwa vizuri, huipunguzia kamba nguvu, mara nyingi kwa theluthi moja au zaidi. Halafu kuna panga: pigo moja lililoteleza hukata nusu ya nyuzi, mkwezi akashuka salama siku hiyo, akaikunja kamba, akaining'iniza ukutani pamoja na jeraha lake.

Mambo hayo yote yanaonekana kwa macho. Nyuzi zilizochanika zinaonekana. Kamba iliyokakamaa inasikika mkononi. Rangi iliyopauka haihitaji miwani. Wazee wale wale wanaosema ajali haina kinga ndio waliotufundisha kwamba kamba hukatikia pabovu. Methali hizi mbili haziwezi kukaa kwenye kamba moja. Kama kamba hukatikia pabovu, basi pabovu palikuwepo jana, na juzi, na aliyeitazama angepaona. Mimi naishika methali ya pili, kwa sababu ya kwanza inatusaidia kuzika na ya pili inatusaidia kuishi.

Wengine watasema namtoa Mungu katika jambo hili. Hapana. Kila aliyepita chuo cha Kurani hapa Rumonge amesikia habari za yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akidai anamtegemea Mungu, akaelekezwa kwamba afunge kwanza, kutegemea kufuate. Kufunga ni kazi ya mja. Anayeipandisha kamba mbovu kisha akasema "amri ya Mungu" amemsingizia Mungu uvivu wake.

Sasa vijana na hoja yao ya uzembe. Wanasema aliyeanguka alikuwa mlevi, au mgeni wa kazi, au hakuwa na adabu ya mti. Kisha humtaja mkwezi fulani hodari aliyepanda miaka 20 bila kuteleza, kama ushahidi kwamba ufundi unatosha. Lakini kijiweni hawasemi ila waliobaki. Waliovunjika uti wa mgongo hawaji kijiweni, na waliozikwa hawana la kusema. Ukihesabu ushahidi wa wazima peke yao, hata kuvuka ziwa kwenye dhoruba kutaonekana salama.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mkwezi anapanda miti 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hiyo ni mipando 5,000. Tuseme pia kamba yake ni nzuri kiasi kwamba haishindwi ila mara moja katika mipando 50,000. Yeyote akiambiwa hivyo ataiita kamba ya kuaminika. Lakini mipando 50,000 ni miaka 10 tu ya kazi. Kijana anayeanza akiwa na miaka 18 atakuwa ameifikia akiwa na 28, labda ana mke na watoto wawili. Hakuhitaji kulewa wala kuzembea. Alihitaji tu kuendelea na kazi. Na kutoka mita 10, safari ya chini ni sekunde moja na nusu hivi, na mwili hutua kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, kasi ya gari katikati ya mji. Katika muda huo ufundi wa miaka 20 hauna pa kushika.

Wazee wetu walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema atashuka vipi. Hilo walituachia sisi tuliamue.

Nafika kwa wapenda vyuma. Hawa wamemwona mpanda miti wa Ulaya kwenye simu, kavaa mkanda wa mapajani, kamba za rangi, na kiunoni kaning'iniza vile viungo vya chuma vyenye mlango wa springi viitwavyo karabina. Wanahitimisha kwamba tofauti kati yake na mkwezi wetu wa Kigwena ni chuma. "Wapeni karabina," wanasema, "mambo yataisha." Kundi hili lina nia njema kuliko mengine mawili, na ndiyo sababu linahitaji jibu refu zaidi, kwa kuwa nia njema iliyofungwa vibaya nayo inaua.

Karabina ni kitu cha ajabu kwa udogo wake. Inatoshea kiganjani, lakini ile iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha wapanda milima, EN 12275, ya aina ya kawaida, inapaswa kubeba angalau kilonyutoni 20 ikivutwa kwa urefu wake, yaani takribani tani 2. Maandishi hayo yamechorwa mgongoni mwake. Wasichosoma wengi ni tarakimu mbili zinazofuata. Ikivutwa kwa upana, kiwango hicho kinadai 7 tu. Mlango wake ukiwa wazi, ni 7 pia. Yaani karabina ile ile, mkanda ule ule, mtu yule yule, lakini imegeuka upande au mlango umebanwa na kikonyo cha kuti, imepoteza karibu theluthi mbili ya nguvu zake. Na mlango ulio wazi una hatari kubwa kuliko hata kuvunjika: kamba inaweza kutoka yenyewe, taratibu, bila chuma kupasuka, bila mlio wowote. Mkwezi ataegemea nyuma kwa imani, na nyuma hapatakuwa na kitu.

Ndiyo maana wapanda miti wa kazi hawatumii karabina ya mlango mtupu kubebea uhai. Wanatumia yenye kufuli linalojifunga lenyewe, ambayo kuifungua kunataka vitendo kadhaa vya makusudi: sukuma, zungusha, bonyeza. Ile ya kufunga kwa kuzungusha skrubu inaweza kujifungua ikisuguliwa na kamba inayotembea, na kule juu kila kitu kinatembea. Uchafu nao una sehemu yake. Mikono ya mkwezi ina mafuta, mchanga na vumbi la makuti. Springi ikishikwa na mchanganyiko huo, mlango hurudi nusu, na nusu ni wazi.

Halafu kuna zile karabina za sokoni, za rangi nyekundu na buluu, zinazobeba funguo na chupa za maji. Nyingi zimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba si za kupandia. Nyingine hazijaandikwa chochote, na hilo pia ni jibu. Ukimpa mkwezi kitu hicho umempa ujasiri bila kinga, na ujasiri bila kinga ni mbaya kuliko hofu. Mwenye kamba ya kienyeji angalau anajua kuwa ana kamba ya kienyeji. Anaishika, anaivuta, anaihofu. Mwenye chuma kinachong'aa huacha kutazama.

Hapo ndipo penye kosa la wapenda vyuma. Wamekiondoa kitu kimoja dhaifu, wakaweka kitu kimoja kigumu, na bado ni kimoja. Wapanda miti wa Uingereza, ambao vyuma vyao tunavionea wivu, hawaokolewi na chuma. Kanuni zao za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005 zinataka kwa kawaida mfumo wa kamba mbili zilizofungwa mahali tofauti, ili moja ikishindwa nyingine ishike. Rudi kwenye hesabu yetu. Kamba inayoshindwa mara moja katika 50,000, ukiiongezea ya pili isiyotegemea ya kwanza, uwezekano wa zote kushindwa katika mpando mmoja unakuwa mara moja katika bilioni 2 na nusu. Kilichobadilika ni idadi. Ubora umebaki ule ule. Lakini sharti liko katika neno "isiyotegemea". Kamba mbili za umri mmoja, zilizopauka pamoja, zinazopita mahali pamoja ambapo panga moja linaweza kuzikata zote, ni kamba moja nene. Na kamba mbili nzuri zikikutana kwenye karabina moja, umerudi kule kule.

Sasa mkwezi wa Minago au Kigwena afanyeje? Ajifunge kamba mbili zinazozunguka shina, moja juu ya nyingine, kila moja na kiungo chake kwenye mkanda wake. Asifungue ya kwanza kuvuka kikonyo kabla ya ya pili kukaza. Asijifunge kamwe kwenye kuti, hata lionekane nene vipi, kwa kuwa kuti ni jani, na kitako chake huoza kabla hakijaonyesha. Moja kati ya hizo mbili iwe na waya wa chuma ndani yake, ili panga likiteleza liguse kitu kisichokubali. Kila asubuhi azipitishe mkononi sentimita kwa sentimita. Na chini awepo mtu anayejua kumshusha, kwa sababu mkanda humzuia mtu asianguke, haumteremshi. Aliyening'inia bila kujitikisa, damu ikijaa miguuni, anaweza kupoteza uhai akiwa hajagusa ardhi.

Najua jibu linalokuja: "Sisi ni maskini." Hii ndiyo ngome ya mwisho ya hoja zote tatu, kwa hiyo tuivunje. Nenda ufukweni Rumonge mchana, boti zikiwa zimepumzika. Utawakuta wavuvi wamekaa mchangani, nyavu zimetandazwa mapajani, wanatafuta tundu na kushona. Wanafanya hivyo mara kwa mara. Hakuna anayewaita waoga, na hakuna anayesema ni maskini mno kukagua wavu, kwa sababu ndagala, yaani dagaa, wakipita kwenye tundu, hasara inaonekana usiku ule ule. Basi ukaguzi si anasa ya matajiri. Tunaujua, tunao katika mikono yetu, tena mita chache kutoka michikichini. Tumeamua tu kwamba samaki anayetoroka ni hasara na mtu anayeanguka ni bahati mbaya.

Tofauti iko kwa mwenye hasara. Wavu ukipasuka, anayepoteza ni mwenye wavu. Kamba ikikatika, anayepoteza ni mkwezi, ambaye mara nyingi kamba ni yake, analipwa kwa alichokata, na ameajiriwa kwa mdomo chini ya mti. Tunayo taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, inayoshughulikia pensheni na majanga ya kazini, lakini jina la mkwezi asiye na mkataba halimo katika daftari la mtu yeyote. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa misingi inayozibana nchi zote wanachama, na Burundi ni mwanachama. Msingi huo haukuwekewa kimo cha mti.

Tena wapo wenzetu walioamua vingine. Unguja na Pemba, wachumaji wa karafuu walianguka kwa vizazi na vizazi, na huko pia kulikuwa na wazee na methali. Lakini Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limekuwa likiwalipa fidia wanaoanguka mikarafuuni, kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu. Tafsiri yake ni rahisi: zao linalolisha watu wengi linawajibika kwa anayelishusha. Huko Kerala, India, bodi ya minazi ilianza mwaka 2011 kuwafundisha vijana, wanawake wakiwemo, kupanda minazi kwa mashine ya miguu, na wakakatiwa bima. Kazi iliyokuwa ikidharauliwa ikapata cheti.

Na Malaysia, yenye michikichi mingi kuliko tunavyoweza kuwaza, hawapandi kabisa. Wanavuna kutoka ardhini, kwa patasi mti ukiwa mfupi, kwa mundu uliofungwa kwenye mpini mrefu wa alumini mti ukiwa mrefu. Mchikichi ukipita kimo cha mundu, kwenye umri wa miaka 25 hivi, unakatwa, na mche mpya wa tenera unapandwa, ambao huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Kule mti ukimzidi mtu, unaondolewa mti. Kwetu mti ukimzidi mtu, anapandishwa mtu. Kati ya ukulima huo na huu, sioni ni upi unaostahili kuitwa wa kimaskini kuliko ule unaotumia uti wa mgongo wa kijana badala ya mche.

Kwa hiyo karabina ije, ndiyo, lakini ije mwishoni mwa msururu. Kwanza ondoa haja ya kukwea: panda upya miti iliyozeeka, nunua mundu na mpini wake kwa miti inayofikika. Inayobaki, ipandwe kwa kamba mbili, na gharama yake iwe kwenye bei ya mawese, si mfukoni mwa mkwezi. Ndipo tuzungumze chuma, kile chenye alama, kufuli na mtu aliyefundishwa kukitumia.

Nawe mwenye shamba unayesoma haya, sikuombi uunde tume. Kesho asubuhi, kabla kijana wako hajapanda, mwombe kamba yake. Ipitishe mkononi mwako yote, tangu ncha hadi ncha, kisha ujiulize kama ungemfunga nayo mwanao. Ukipaona pabovu ukanyamaza, kijana akianguka usiseme ajali haina kinga. Kinga ulikuwa umeishika mkononi.